Dar es Salaam ya Eliufoo

Eliufoo fundi bomba alikuwa na uongo mmoja tu maishani mwake, lakini aliutunza kuliko alivyomtunza ng'ombe wake. Ng'ombe alimpa majani ya migomba asubuhi na jioni, akaridhika. Uongo ule aliulisha kila Jumapili baada ya ibada, kilabuni, mbele ya kata ya mbege, pombe ya ndizi, na masikio ya wanaume wa Machame, nao ukanenepa mpaka ukawa haupiti mlangoni.

Uongo wenyewe ulikuwa huu: kwamba usiku wa Uhuru, Desemba 1961, bendera ya mkoloni ilipokuwa inashushwa, yeye Eliufoo alikuwa Dar es Salaam, katikati ya umati, ameegemea pikipiki yake aina ya BSA, baada ya kuiendesha peke yake kutoka Machame mpaka baharini. Akifika hapo, wanaume walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Wengine walikuwa wameisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba waliweza kumkumbusha alipoteleza.

Ukweli ni kwamba alifika Kahe.

Asiyeijua Kahe aelezwe: iko chini tu ya Moshi, kwenye mashamba ya mifereji na joto, na asubuhi isiyo na ukungu mtu wa Machame anaweza kuitazama akiwa kihambani kwake, kati ya migomba yake, huku anapiga mswaki. Eliufoo, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameinunua BSA chakavu kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Akaifuata reli, akiamini kwamba reli haiwezi kumpoteza mtu. Kahe mnyororo ukakatika. Kabla hajapata wa kuuunga, homa ikamwangusha, na mama mmoja wa huko akamlaza kwenye kibanda cha mahindi, akamnywesha uji na kwinini. Taifa zima likacheza ngoma, yeye anatetemeka juu ya magunia. Alipopata nguvu aliisukuma pikipiki mpaka Moshi mjini, na hapo akakutana na watu wa kwao waliomuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Alitaka kusema Kahe. Mdomo ukamtangulia, ukasema Dar.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema waungwana, lakini ya Eliufoo ilikuwa imenyooka miaka mingi bila kona. Walikuwapo watu wa Machame waliofanya kazi Dar na kurudi kwa Krismasi, nao walijaribu kumbana. Wakimuuliza habari za mtaa fulani, aliwatazama kwa huruma. "Hiyo ni Dar ya sasa," aliwaambia. "Mimi nazungumzia ya Uhuru." Na nani anaweza kupanda basi aende Dar ya Uhuru?

Mtu mmoja tu ndiye aliyemtia wasiwasi, naye alikuwa mke wake, Yuditha. Alimsimulia habari ile wakati anamchumbia, Yuditha akiwa anachuma kahawa, na binti yule alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye kikapu. Alimkubali, wakafunga ndoa, wakamzaa Elizabeth na wadogo zake. Lakini tangu siku ile, kila mumewe alipoanza kusimulia mbele ya wageni, Yuditha aliondoka kwenda kutazama chungu jikoni, hata siku ambazo hakuna chungu kilichokuwa motoni. Hakuwahi kumkosoa. Hakuwahi pia kumuuliza swali hata moja kuhusu Dar. Eliufoo angekubali kilabu kizima kimcheke, mradi mwanamke huyu mmoja akae chini, amtazame usoni, na aamini kwamba mume wake ni mtu aliyefika mbali. Hilo ndilo alilolitaka duniani, na ndilo ambalo hadithi yake nono ilishindwa kumpa.

Basi mwaka 1973 Elinipendo, karani wa chama cha msingi cha kahawa, akanunua Honda mpya. Mtu akinunua pikipiki mpya haiwezekani aishie nayo sokoni Kiboriloni. Jumapili moja akasimama kilabuni akatoa wazo: waende kwa kundi mpaka Dar es Salaam, wakaone maonyesho ya Saba Saba. Leonce akaunga mkono papo hapo. Huyu alikuwa mchinjaji, Mkatoliki wa Kibosho aliyeoa Machame, na kwa sababu hiyo alimwita kila mwanamume wa Machame shemeji, apende asipende. Wa tatu kujitokeza alikuwa Filemon, seremala, mzee wa kanisa na mpiga tarumbeta wa usharika, ambaye alisema kwamba kabla hajafa angependa kupiga wimbo mmoja wa kumshukuru Mungu mbele ya bahari.

"Nani atatuongoza?" akauliza mtu.

"Swali gani hilo?" Elinipendo akajibu. "Si tunaye Mzee Eliufoo hapa, njia yote anaijua."

Mbege ikampalia Eliufoo, ikamtokea puani. Wakampigapiga mgongoni, wakadhani ni furaha.

Alikwenda nyumbani kijasho chembamba kinamtoka, ingawa Machame mwezi wa sita ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Lakini alipofika kwenye kona ya kihamba chake wazo jingine likamjia, akasimama. Je, akifika kweli? Akifika Dar kweli, mbele ya mashahidi, basi uongo ule hautakuwa tena uongo. Utakuwa ukweli uliowahi kusemwa mapema, kama mkungu uliokatwa mbichi ukaivia ndani ya nyumba. Na Yuditha atakaa chini. Akaingia ndani anapiga mluzi.

Kwa kuwa sasa alikuwa kiongozi, ilimbidi afundishe. Aliwakusanya wenzake barazani kwake jioni, akawapa masomo ya safari ndefu, na hapa ni lazima tumpe haki yake: masomo yalikuwa mazuri. Aliyapata kwa matingo, wasaidizi wa madereva wa malori, pale stendi ya Moshi, ambao kwa miaka mingi alikuwa akiwanunulia chai ili waongee, akayabeba mlimani kama yake. Gazeti, aliwaambia, ni koti kuliko koti. Mtu akunje kurasa aziweke kifuani chini ya shati, upepo hautampata. Sabuni ya mche si ya kuogea tu; tangi la petroli likitoboka, ichukue, isugue kwenye tundu mpaka izibe. Ukikosa kiraka, jaza majani makavu ndani ya tairi, nenda polepole, utafika. Plagi ya akiba ifungwe kwenye soksi. Spana zifungwe pamoja na nguo za ndani zisigongane, maana kelele ya spana njia nzima humtia mtu wazimu.

"Na soksi za ndani?" Leonce akauliza.

"Soksi hazina ndani, Leonce."

"Nauliza tu shemeji, nisije nikafunga plagi mahali pabaya."

Walikwenda Kiboriloni wakanunua mitumba ya kijeshi na miwani ya wachomea vyuma. Elinipendo alipata kofia ngumu ya mgodini. Filemon alishona mfuko wa turubai wa kubebea tarumbeta mgongoni, ikawa kila akipanda pikipiki mdomo wa ile ala unachungulia juu ya bega lake kama mtoto. Jumapili ya kuondoka, mchungaji aliwataja mmoja mmoja kwa majina mbele ya usharika, akawaombea wafike Dar es Salaam salama na warudi salama. Yuditha alimfungia mumewe ndizi za kuchoma na chupa ya chai.

"Nenda salama, Baba Eliza," alisema. Macho aliyaelekeza kwenye kifuniko cha chupa.

Kabla hatujawaondoa Machame inafaa jambo moja lijulikane. Watu wa mlimani hawana kaskazini wala kusini. Wana juu na chini. Juu ni mlima, ni msitu, ni baridi, ni mahali maji yanakotoka. Chini ni Moshi, ni mashamba ya miwa, ni joto, ni mahali maji yanakokwenda. Ukiuliza duka liko wapi utaambiwa ushuke kidogo kisha upande. Hata kwenye benchi la kanisa mtu humwambia mwenzake, "Sogea chini kidogo nami nikae," na benchi limenyooka kabisa. Sasa mtu wa namna hiyo ukimfanya fundi bomba, ukampa kazi ya kutazama maji yanateremka wapi kila siku ya Mungu, umemmaliza. Eliufoo hakuwa na dira nyingine kichwani.

Walishuka kwenye ukungu, pikipiki nne, kifua cha kila mmoja kikitoa sauti ya magazeti. Baada ya Moshi, walipokaribia njia inayokwenda Kahe, Eliufoo aliinama juu ya usukani akaongeza moto mpaka wenzake wakapotea kwenye vumbi. Walipomfikia Himo, Leonce akamuuliza anakimbia nini.

"Nilikuwa naijaribu injini," alisema, na moyo bado unamdunda.

Mpaka Same mambo yalikwenda vizuri, ila kila baada ya muda Eliufoo aligeuza shingo kuutazama mlima. Kwanza ulikuwa mlima, kisha ukawa kama wingu, kisha milima ya Upare ikaingia katikati na haukuonekana tena. Hakuwahi kuwa mahali ambapo mlima haupo. Aliogopa, tusifichane. Alihisi kama mtu aliyeamka akakuta ukuta wa nyumba yake umeondolewa. Lakini kiongozi haogopi hadharani, kwa hiyo alipiga honi mara mbili bila sababu na kuendelea.

Mbele ya Same jiwe liliruka likatoboa tangi la Leonce. Petroli ikaanza kuchuruzika. Eliufoo alishuka, akachukua sabuni ya mche, akasugua, wote wakiwa wamemzunguka. Ikaziba. Elinipendo akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Aliyeshangaa kuliko wote ni mwalimu mwenyewe, ambaye mpaka dakika ile hakuwa na uhakika kama matingo walikuwa wanamtania. Jioni tairi la Filemon nalo likapasuka, wakalijaza majani makavu, mzee wa kanisa akaingia Mombo anadundadunda kama mtu aliyepanda punda, tarumbeta inamgonga kisogoni, lakini akaingia. Wakalala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa.

"Mzee, baada ya hapa ni wapi?" Elinipendo akauliza. Karani yule hakuchoka kuuliza.

"Mbele," Eliufoo akasema, akajifunika blanketi.

Kesho yake wakafika Segera, na Segera barabara inagawanyika. Eliufoo hakuwa amejua. Hakuna tingo aliyewahi kumtajia njia panda, kwa sababu kwao lilikuwa jambo dogo mno. Kulikuwa na kibao, lakini lori lilikuwa limekigonga, kimelala chali kwenye majani, na mshale wa Dar es Salaam ukaelekea mbinguni. Chini ya mti mama mmoja alikuwa anauza machungwa. Pikipiki zikanyamaza, watu watatu wakamtazama kiongozi wao.

"Tumuulize mama pale," Elinipendo akasema.

Hapo ndipo ungempima mtu. Kuuliza kungemmaliza. Mtu aliyepita njia hii usiku na mchana kwenda kushuhudia Uhuru, leo aulize muuza machungwa Dar iko wapi? Eliufoo akacheka kidogo kwa pua.

"Kiongozi haulizi," alisema. "Elinipendo, Dar es Salaam iko wapi?"

"Si ndiyo nauliza."

"Iko baharini. Na bahari iko wapi?"

Wote watatu wakajibu kwa pamoja, kama darasa la katekisimu, "Chini."

"Basi."

Alikwenda kwenye pikipiki yake, akafungua chupa ya chai ya Yuditha ambayo Mombo walikuwa wameijaza upya, akasimama katikati kabisa ya njia panda, na kwa utulivu wa mtu anayefanya kazi yake ya kila siku akamimina chai barabarani. Chai ikasitasita. Kisha ikachora mkondo mwembamba, ikashika upande wa kushoto. Filemon akaguna kwa kuridhika. Leonce, ambaye mizaha haikumkauka kinywani, hakuona lolote la kutania. Kibosho nako maji hushuka. Hata Elinipendo akapanda Honda yake, maana kwa mtu aliyezaliwa mlimani hoja ile haikuwa na tundu.

Mama wa machungwa ndiye aliyeona ajabu. "Jamani, mbona mnamwaga chai ya watu?" akasema. "Mnakwenda wapi?"

"Chini, mama," Eliufoo akamjibu kwa heshima, akapiga kiki.

Wakashika kushoto. Barabara kweli iliteremka, na kila ilivyoteremka ndivyo Eliufoo alivyozidi kukaa sawasawa kwenye kiti. Joto likaongezeka. Magazeti yakalowa jasho, habari za jana zikahamia vifuani mwa watu. Minazi ikaanza kuonekana. Kando ya njia palikuwa na mawe ya kuhesabia maili, yamechongwa herufi T na namba inayopungua.

"Mzee, T ni nini?" Elinipendo akapaza sauti.

"Tanganyika!" Eliufoo akajibu. "Mawe ya mkoloni hayo!"

Na alijiamini. Ubaya wa mtu kusema uongo mmoja miaka mingi ni kwamba akili huzoea kumletea majibu kabla hajayaomba.

Waliingia mjini mchana. Palikuwa na nyumba za roshani, baiskeli nyingi kupita kiasi, na upepo wenye harufu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinusa. Elinipendo aligeuza kichwa huku na huku.

"Nilidhani Dar ni kubwa kuliko hivi," alisema.

"Watu wamehamishiwa vijijini," Eliufoo akamweleza. "Huisikilizi redio?"

Kisha barabara ikaisha, na mbele yao ikawa bahari. Eliufoo alizima pikipiki akasahau kuteremsha stendi, nusura imwangukie. Alikuwa ameisimulia bahari miaka yote ile: mawimbi, meli, upeo wa macho, yote ya kuazima. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba inapumua. Alikwenda mpaka ukingoni, akachutama, akatumbukiza mkono, akalamba vidole, akakunja uso. Fundi bomba alikuwa amewapelekea watu maji maisha yake yote, na maji daima yalikuwa na pa kwenda. Haya hayakuwa na pa kwenda. Chini ilikuwa imeishia hapa. Machozi yakamtoka, akashukuru kwamba ana miwani ya mchomea vyuma.

Nyuma yake Filemon alikuwa ameitoa tarumbeta. Akaipangusa, akasimama miguu pamoja kama yuko mbele ya madhabahu, akapiga wimbo wa kushukuru, beti zote. Watoto wakakimbilia pale, wapita njia wakasimama, na mzee mmoja wa kanzu na kofia ya kiua akasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Ahsante, mmetuburudisha," mzee akasema. "Wageni wetu mwatoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Tumetoka Moshi," Filemon akajibu. "Tumekuja kuiona Dar es Salaam."

"Marahaba. Basi hapa mwapita tu. Mtalala, au ndiyo waja leo, waondoka leo?"

Leonce akawa wa kwanza kushtuka. Nchi nzima inajua waja leo waondoka leo ni mji gani.

"Samahani mzee," akasema taratibu. "Hapa ni wapi?"

"Hapa? Hapa Tanga, bwana."

Mzee wa watu aliwatazama mmoja mmoja, akaona kuna msiba ambao haumhusu, akaaga.

Leonce alianza kucheka. Alicheka kwanza amesimama, kisha ameshika mti, kisha amekaa kwenye mchanga, akitoa neno moja moja: chai, shemeji, chai. Elinipendo hakucheka. Alivua kofia yake ya mgodini, akaja mpaka mbele ya Eliufoo.

"Mzee," alisema, "wewe uliwahi kufika Dar?"

Eliufoo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mdomo haukumtangulia. Akatikisa kichwa.

"Ulifika wapi?"

"Kahe."

Leonce, ambaye alikuwa anaanza kupoa, akalala chali kabisa.

Kwenda Dar hakukuwezekana tena. Palikuwa na tairi la majani, tangi la sabuni, fedha ya petroli ya kurudia tu, na Jumapili usharika ulikuwa unamngoja mpiga tarumbeta wake. Wakakaa ukutani kando ya bahari wakila machungwa, wamekunja nyuso. Eliufoo alisubiri hukumu. Alishakiona kilabu kikimcheka, lakini hilo lilipita. Kilichomchoma ni Yuditha, atakavyosikia Tanga, kisha atasikia Kahe, na atakavyokwenda kutazama chungu mpaka siku ya kufa. Hata hivyo ndani ya aibu ile palikuwa na kitu chepesi. Alikuwa amesafiri kweli. Alikuwa na safari yake mwenyewe, isiyo ya tingo yeyote.

"Turudi tukaseme," alisema hatimaye. "Tuseme nimewapoteza, tumeishia Tanga. Nitasimama mwenyewe."

Aliyekataa alikuwa Filemon, na hilo hakuna aliyelitegemea.

"Mimi nimeombewa Dar," mzee wa kanisa akasema. "Kwa jina langu, mbele ya usharika mzima. Nikirudi na Tanga nitaambiwa hata maombi yamepotea njia." Akamenya chungwa jingine, akafikiri. "Dar es Salaam maana yake nini?"

"Bandari ya salama," Elinipendo akajibu. Karani hawezi kujizuia.

"Ile pale ni nini?"

"Bandari."

"Na sisi tumefika vipi?"

Elinipendo akatazama bahari, akatazama tarumbeta. "Salama," alisema, na uso ukaanza kumkunjuka.

"Basi mimi nitasema tumefika bandarini salama. Hakuna amri niliyoivunja hapo."

Leonce akasema hajawahi kuwaona Walutheri wakiwa karibu na Ukatoliki kiasi hiki, na kwamba yeye alishamwahidi mke wake samaki wa Dar, na samaki hasemi alikovuliwa. Eliufoo akajaribu kupinga, wakamgeukia wote watatu.

"Wewe umeila Dar miaka yote hii peke yako," Elinipendo akamwambia. "Sasa ni zamu yetu. Nyamaza."

Walipokewa Machame kama maaskofu. Baada ya ibada Filemon alisimama mbele, akasema kwa sauti nzito kwamba Mungu ni mwema, walifika bandarini salama. Kilabuni Elinipendo aliyaeleza maonyesho ya Saba Saba vizuri kiasi kwamba Eliufoo mwenyewe alitamani kuyaona. Hakuna aliyemuuliza kiongozi chochote. Kata ya kwanza ya mbege walipewa wengine. Aliondoka mapema, akapanda kwake polepole, ameamua. Kilabuni wakiambiwa Dar ni shauri lao. Yuditha ataambiwa ukweli.

Alimkuta jikoni amevaa gauni la kanisani. Chakula kilikuwa tayari kimepakuliwa, ndizi na nyama, cha mgeni wa heshima. Yuditha alimvutia kiti, kisha akavuta kigoda chake, akakaa mbele yake, akamtazama usoni.

"Nihadithie," alisema.

Eliufoo alikuwa ameungoja uso ule maisha yake yote ya ndoa, na sasa ulikuwa pale, unang'aa, na yeye ndiye wa kuuzima.

"Mama Eliza," akasema, "hatukufika Dar. Niliwapoteza. Tulifika Tanga."

Yuditha akamtazama kidogo, kisha akaangua kicheko kizuri, cha mtu anayemjua mtu wake.

"Wewe Baba Eliza hutapona. Filemon kasimama kanisani, mzee mzima. Elinipendo kamsimulia mama yake Saba Saba mpaka bibi wa watu kasinzia. Mke wa Leonce samaki kamkaanga. Safari hii umefika kweli, una mashahidi, ndipo unakataa?"

Eliufoo akabaki na tonge mkononi. Alisikia "safari hii". Alisikia "kweli". Kwa hiyo Yuditha alijua kuhusu ile ya kwanza. Tangu lini, hakuthubutu kuuliza. Pengine tangu siku ile ya kuchuma kahawa, na bado alimkubali. Aibu na furaha vilimpanda pamoja, akashindwa kujua kipi akimeze kwanza.

"Nihadithie," Yuditha akarudia. "Na usiruke kitu."

Akamhadithia. Akamweleza jinsi mlima ulivyopotea nyuma ya milima ya Upare, na kwamba aliogopa akapiga honi ili wenzake wasijue. Akamweleza harufu iliyowapokea kabla hawajaona kitu, na baiskeli nyingi, na bahari inayopumua, na maji ambayo kwa mara ya kwanza aliyaona hayana tena pa kushukia. Akamweleza kwamba alilamba vidole. Akamweleza kwamba alilia. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa jina la mji, na jina la mji hakulitaja.

Yuditha alisikiliza mpaka mwisho, kidevu mkononi, bila kutazama pembeni.

"Hii naiamini," alisema, akainuka kumwongezea nyama.